Chupa ya Mgeni na Kanuni ya Adhabu: Barua ya Wazi kwa Bunge la New Jersey

Kwa Waheshimiwa Maseneta na Wajumbe wa Bunge la New Jersey, Trenton.

Waheshimiwa,

Jioni za mwisho wa juma katika barabara ya Haddon Avenue, mjini Collingswood, wateja huingia migahawani na mifuko mirefu ya karatasi. Mmoja ameleta mvinyo mwekundu, mwingine pakiti ya bia iliyotoka kwenye jokofu la nyumbani. Mhudumu huwapokea, huleta bilauri na kizibuo, huizamisha chupa ya mvinyo mweupe kwenye ndoo ya barafu, kisha huuliza wageni watakula nini. Collingswood ni mji mkavu. Mizizi yake ni ya Waquaker, watu wa madhehebu yale yale ambayo wenyeji wa Kaimosi, magharibi mwa Kenya, wameyajua tangu 1902 kama Kanisa la Marafiki, na hadi leo mji huo hautoi leseni za baa. Hata hivyo migahawa yake ina sifa kusini mwote mwa jimbo, na watu huja kutoka mbali kula hapo.

Desturi hiyo inasimama juu ya kifungu kimoja cha sheria za New Jersey, namba 2C:33-27. Mtu asiye mwanasheria huipita namba hiyo bila kuitazama, lakini inasema mengi. Sheria za vileo za jimbo zimekusanywa katika juzuu ya 33. Humo mna leseni, ada, ukaguzi na mamlaka ya idara inayodhibiti vileo. Juzuu ya 2C ni Kanuni ya Adhabu. Kwa hiyo mwenye mgahawa asiye na leseni, anayemruhusu mteja aje na mvinyo wake, ametungiwa sheria katika kitabu cha wezi na wapiganaji, tena ndani ya sura inayoshughulikia ghasia na fujo za hadharani.

Kifungu chenyewe ni kifupi. Mteja anaweza kuleta mvinyo au bia. Pombe kali haziruhusiwi, iwe whisky, gini au konyagi. Saa za kunywa na watu wasioruhusiwa kunywa ni wale wale wa baa zenye leseni, kuanzia vijana wa chini ya miaka 21. Halmashauri ya mji inaweza kupiga marufuku jambo zima, na mwenye mgahawa naye anaweza kuikataa chupa mlangoni kwake. Kisha yanakuja maneno mazito kuliko yote: mwenye mgahawa haruhusiwi kutoza kiingilio, ada ya meza, ada ya kufungua chupa wala malipo ya huduma. Akitoza hata dola moja, ametenda kosa ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miezi sita na faini ya dola 1,000, na mahakama inaweza kumzuia asipokee tena chupa za wageni.

Barua hii inaliomba Bunge liutoe mgahawa wa namna hiyo katika Kanuni ya Adhabu na kuuweka kwenye sheria ya vileo. Liupe kibali chake cha bei ndogo, kisichohesabiwa kwa idadi ya wakazi. Na liuruhusu kutoza ada ya wastani ya kufungua chupa. Mgahawa nao ubebe wajibu ulio wazi kuliko wa leo, yaani mafunzo kwa wahudumu, maji ya bure mezani, na amri isiyo na utata ya kutomfungulia chupa mtu aliyekwisha lewa.

Barua hii imeandikwa kwa Kiswahili kwa makusudi. Jersey City ina jamii ya Wakenya, na wazungumzaji wengine wa Kiswahili wametawanyika katika miji ya jirani. Wapo wanaopika pilau na nyama choma za sherehe katika kumbi za kukodi, na wapo wanaoota kufungua mgahawa wenye mlango wake na jina lake ukutani. Walio wengi hawajui kwamba ndoto hiyo itakutana na kifungu cha jinai. Inafaa waisome hoja hii kwa lugha wanayotumia nyumbani kujadili fedha na biashara, kisha waifikishe kwa Kiingereza kwenye ofisi za wabunge wao.

Sababu ya chupa kuja na mteja inaanzia kwenye marufuku ya pombe ya Marekani. Marekebisho ya 18 ya Katiba yalianza kutumika Januari 1920 na yakafutwa tarehe 5 Desemba 1933. New Jersey haikuyapenda tangu mwanzo. Gavana wake Edward Edwards alishinda uchaguzi wa 1919 kwa kuyapinga, na jimbo liliyaridhia mwaka 1922, wakati yamekwisha kuwa sheria ya nchi nzima. Marufuku yalipoondoka, kila jimbo liliachiwa kujipangia mambo yake, na hofu ya baa kujaa kila kona ikabaki vichwani mwa watunga sheria. Mwaka 1947 Bunge la New Jersey liliweka kikomo cha leseni kufuatana na idadi ya wakazi wa kila mji. Kikomo kinachotumika leo ni leseni moja ya kinywaji cha kunywewa papo hapo kwa kila wakazi 3,000. Hoteli zenye vyumba 100 au zaidi zimeachiwa njia yao.

Kikomo hicho kilikusudiwa kuzuia ulevi, kikazaa soko. Mji wenye wakazi 9,000 una nafasi ya leseni tatu. Zikishatolewa, mtu wa nne hana pa kuomba; itambidi asubiri mmoja wa wale watatu auze. Ada ambayo mji unaweza kumtoza mwenye leseni kwa mwaka ni kati ya dola 250 na dola 2,500. Lakini bei ya kuinunua leseni hiyo kwa aliye nayo huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya dola, na katika baadhi ya miji imevuka 1,000,000. Tofauti kati ya namba hizo mbili haiingii katika hazina ya mji, wala haiendi kwa polisi wanaookota walevi barabarani, wala kwa shule. Inaingia mfukoni mwa mtu aliyebahatika kuwahi.

Msomaji wa Nairobi au Mombasa atashangaa. Katiba ya Kenya ya 2010 ilizikabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo, na sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka huo huo, ile ambayo wananchi waliibatiza Sheria ya Mututho, ina ukali wake: baa ya kawaida hufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi. Lakini leseni ya huko huombwa upya kila mwaka. Serikali inaweza kuwa kali kuhusu pombe bila kuigeuza karatasi ya leseni kuwa mali ya bei ya nyumba.

Asiye na fedha hizo hufungua mgahawa bila leseni. Ndiyo maana New Jersey imejaa milango yenye herufi nne, BYOB, yaani njoo na chupa yako mwenyewe, na nyuma ya milango hiyo mna vyakula vya Kithai, Kihindi, Kiperu, Kifilipino na vya Kiitaliano vilivyopikwa na familia moja kwa miaka mingi. Wengi wa wenye migahawa hiyo hawakuuchagua mtindo huu kwa kuupenda. Walipiga hesabu ya leseni, wakaona haiwezekani, wakaamua kuanza na walichonacho: jiko, mapishi ya nyumbani na mikono ya jamaa.

Kila aliyewahi kusimama nyuma ya kaunta ya mgahawa anajua kwamba chakula hulipa wapishi na kinywaji hulipa pango. Tuchukue meza ya watu wanne waliokuja na chupa mbili za mvinyo. Mgahawa utatoa bilauri nne, au nane kama mvinyo ni wa rangi mbili. Utatoa ndoo, barafu, kizibuo na kitambaa. Mhudumu atafungua, atamimina, atapita tena baadaye kumimina. Bilauri zenye shingo nyembamba zitaoshwa kwa uangalifu, na moja itavunjika hata hivyo. Meza ambayo ingekaliwa kwa saa moja itakaliwa kwa mbili, kwa sababu wageni wana chupa ya kumaliza, na waliosubiri mlangoni watakata tamaa waende kwingine. Chupa tupu zitabebwa na mgahawa. Kampuni ya bima itauliza kama watu hunywa pombe ndani. Gharama zote hizo ni za mwenye mgahawa, na faida ya mvinyo imekwisha kubaki dukani ulikonunuliwa.

Kwa kuwa sheria inamkataza kuziandika gharama hizo kwenye risiti, atazificha ndani ya bei ya kuku na wali. Hapo ndipo udhalimu wa kifungu hiki unapoonekana waziwazi. Mama aliyekuja na watoto wake watatu, wakanywa maji na soda, anachangia bilauri, barafu na muda wa mhudumu wa meza ya jirani yenye chupa mbili. Sheria iliyotungwa kwa nia ya kubana pombe inamlazimisha asiyekunywa amlipie anayekunywa. Ada ya wazi, inayolipwa na aliyeleta chupa, ingeuondoa mzigo huo begani mwa yule mama siku hiyo hiyo.

Tena ada ina kazi nyingine. Leo chupa ya kwanza hufunguliwa bure, na ya nne pia hufunguliwa bure. Hakuna kinachomfanya mgeni afikirie kuacha chupa moja nyumbani. Mgahawa unaotoza kwa kila chupa unampa kila mtu sababu ndogo ya kupunguza, na hilo linapaswa kuwafurahisha hata wale waheshimiwa wanaoichukia pombe kuliko mambo mengine yote.

Ng'ambo ya mto Delaware kuna mfano ulio karibu. Pennsylvania haijulikani kwa ulegevu wa pombe. Gavana Gifford Pinchot, ambaye alikuwa mpinzani mkubwa wa vileo, alianzisha bodi ya jimbo mwaka 1933 kwa lengo la kuufanya ununuzi wa pombe uwe wa gharama na usumbufu, na jimbo hilo likaendesha maduka yake lenyewe. Leseni za migahawa huko nazo zimefungwa kwa hesabu ya moja kwa kila wakazi 3,000, kaunti kwa kaunti. Pamoja na ukali huo wote, mgahawa usio na leseni unaruhusiwa kupokea chupa ya mteja na kutoza ada ya kuifungua. Philadelphia ilijenga jina lake la mapishi juu ya migahawa midogo ya aina hiyo. Audrey Claire ulifunguliwa 1996, Django ukafuata 2001, na kizazi kizima cha wapishi vijana kikaona kwamba mtu anaweza kuanza na meza chache na jiko zuri bila kununua leseni kwanza. Mkazi wa Collingswood anaweza kupanda treni ya PATCO, akavuka daraja la Benjamin Franklin, akaketi mezani Philadelphia, akalipa ada ya chupa yake na kurudi nyumbani. Jambo lile lile likitendeka kwenye kituo alichopandia treni, ni kosa la jinai.

Mbali zaidi, Australia na New Zealand zimeishi na desturi hii kwa miongo mingi na zimeiwekea utaratibu. Katika jimbo la Victoria, ambako hadi 1966 baa zilifungwa saa kumi na mbili jioni, sheria ya vileo ya 1998 ina kibali maalumu cha mgahawa wa wateja wanaokuja na chupa zao. New Zealand ilianzisha leseni ya namna hiyo mwaka 1976, na sheria yake ya 2012 inautaka mgahawa wa aina hiyo uwe na chakula, vinywaji visivyo na kilevi na maji ya kunywa ya bure. Ada ya kufungua chupa ni jambo la kawaida katika nchi zote mbili. La kuzingatia kwa Trenton ni mpangilio: nchi hizo zimemweka mwenye mgahawa ndani ya mfumo wa vileo, ambamo anaandikishwa, anakaguliwa na anaweza kunyang'anywa kibali. New Jersey imemwacha nje ya mfumo huo na kumtisha na hakimu.

Kuna hoja ya upande wa pili inayostahili kupewa uzito wake wote, nayo ni usalama barabarani. New Jersey imekuwa mstari wa mbele katika jambo hili. Mwaka 1984, katika kesi ya Kelly dhidi ya Gwinnell, Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba mwenyeji anayemnywesha mgeni aliyelewa, huku akijua kwamba ataendesha gari, anaweza kuwajibishwa na mtu atakayeumizwa. Mwaka 1987 Bunge likatunga sheria ya kupanga dhima ya wauzaji wenye leseni. Mgahawa wa chupa ya mgeni uko katikati ya hao wawili. Haukununua pombe kama mwenyeji wa nyumbani, wala haukuiuza kama baa. Kifungu cha 2C:33-27 kinamkataza mwenye mgahawa asiruhusu unywaji kwa watu ambao baa ingewakatalia, lakini hakisemi neno kuhusu kumfundisha mhudumu, mara nyingi kijana au jamaa aliyekuja kusaidia jioni, namna ya kumtambua mtu aliyezidiwa na namna ya kuichukua chupa mezani bila ugomvi.

Hapa ndipo kibali kinapoleta manufaa ambayo tishio la jinai haliwezi kuyaleta. Mji ukitoa kibali, unajua ni migahawa mingapi inapokea chupa, iko wapi, na nani amefunzwa. Mkaguzi anaweza kuonya, kisha kutoza faini ya kiutawala, kisha kusimamisha kibali kwa mwezi. Polisi na mwendesha mashtaka wana kazi kubwa kuliko kufuatilia dola tano zilizoandikwa kwenye risiti kwa jina la huduma, kwa hiyo sheria ya leo hukaa kimya miaka mingi, kisha huweza kumwangukia mtu mmoja kwa sababu tu jirani alilalamika.

Kuna miji itakayokataa, na ikatae. Ocean City, kwenye pwani ya Atlantiki, ilianzishwa 1879 na wachungaji wa Kimethodisti waliotaka mahali pa mapumziko pasipo na pombe. Mei 2012 baadhi ya wenye migahawa walifanikiwa kulipeleka swali kwa wapiga kura: je, wateja waruhusiwe kuja na mvinyo au bia? Wakazi walikataa kwa zaidi ya kura mbili dhidi ya moja. Walikuwa na haki ya kukataa. Familia nyingi hukaa Ocean City majira ya joto kwa sababu hiyo hasa, na wafanyabiashara wa ufukwe wake hujitangaza kwa sifa hiyo. Collingswood nayo ni kavu, lakini imechagua njia nyingine, na imejenga barabara nzima ya migahawa kwa chaguo lake. New Jersey ina miji 564; hakuna sababu ya kuilazimisha ifanane. Haki ya halmashauri kukataa ibaki katika kifungu kipya neno kwa neno.

Ibaki vilevile haki ya mwenye mgahawa. Kusini mwa Paterson kuna migahawa ya Waarabu na Waturuki ambamo wengi hawataki pombe iingie, na Mswahili Mwislamu kutoka Mombasa au Unguja atakayefungua mgahawa Jersey City huenda akawa na msimamo huo huo. Asilazimike kuomba chochote, kulipa chochote wala kueleza sababu. Asiyeomba kibali ahesabiwe kuwa amekataa chupa, basi. Huo utakuwa ulinzi mzuri kuliko wa sasa, kwa sababu leo mteja akifika na mvinyo wake, mwenye mgahawa ndiye anayepaswa kubishana naye mlangoni, wakati mji jirani umemzoesha kwamba kila mgahawa usio na baa unapokea chupa.

Mabadiliko katika eneo hili yamewahi kuja kwa njia ya mahakama. Kifungu cha 2C:33-27 kilikataza pia kutangaza, ndani au nje, kwamba wateja wanaweza kuja na kinywaji chao. Mwenye mgahawa aliruhusiwa kupokea chupa lakini asiseme kwamba anaipokea. Klabu moja ya Atlantic City ilikwenda mahakama ya shirikisho, na jaji Joseph Rodriguez akaamua kwamba katazo hilo linakiuka uhuru wa kusema unaolindwa na Katiba ya Marekani. Kazi ya kusafisha kifungu kibovu ilifanywa na mlalamikaji mmoja na wakili wake. Katazo la ada haliguswi na uhuru wa kusema, hivyo hakuna jaji atakayelitatua. Liko mikononi mwa Bunge peke yake.

Na Bunge limeonyesha kwamba linaweza. Januari 2023 gavana wa wakati huo, Phil Murphy, alipendekeza kikomo cha leseni kilegezwe hatua kwa hatua hadi kiondoke, na walionunua leseni kwa bei kubwa wapewe nafuu ya kodi. Pendekezo hilo lilikutana na upinzani mkali wa wenye leseni. Tarehe 16 Januari 2024 alitia saini sheria iliyo nyembamba zaidi: leseni zilizolala bila kutumika, zilizokadiriwa kuwa zaidi ya 1,300, zirudi kwenye matumizi au zipotee, mji uweze kuuhamishia mji jirani leseni ya namna hiyo, na viwanda vidogo vya bia viondolewe masharti yaliyokuwa yakivibana, kama kumtembeza kila mteja kiwandani kabla ya kumuuzia glasi. Wenye viwanda vya bia walishangilia, na walistahili. Mgahawa wa chupa ya mgeni ulibaki ulipokuwa.

Wenye leseni watasema kwamba kibali kipya kitashusha thamani ya karatasi waliyoinunua kwa jasho. Maumivu yao ni ya kweli. Wapo walioweka akiba ya uzeeni katika leseni moja, na serikali ndiyo iliyotengeneza soko lililowaingiza humo. Lakini kibali kinachoombwa hapa hakiuzi hata tone. Hakiruhusu baa, orodha ya mvinyo, wala pombe kali. Wateja wanaokuja na chupa wanaketi leo katika migahawa ile ile watakayoketi kesho. Kinachobadilika ni nani anayelipia bilauri. Anayetaka kuuza kinywaji bado atahitaji leseni kamili.

Ili kosa la 1947 lisirudiwe, kibali kiandikwe kwa namna ambayo hakitageuka mali. Kitolewe kwa kila mgahawa unaotimiza masharti, bila kikomo cha idadi. Kisiuzwe, kisirithishwe, kisihamishwe. Biashara ikifungwa, kibali kife nayo. Ada yake ya mwaka iende kwa mji na isizidi gharama ya kukikagua. Bei ya kufungua chupa ichapishwe kwenye orodha ya vyakula, ili mgeni aijue kabla kizibuo hakijagusa chupa, na itozwe kwa chupa, kamwe isiwe kwa kichwa, ili wasiokunywa katika meza moja wasilipishwe. Wahudumu wapate mafunzo mafupi yanayotolewa pia kwa lugha zinazosemwa jikoni: Kihispania, Kichina, Kiarabu, Kigujarati, na pale penye watu wake, Kiswahili. Anayevunja masharti akutane na mkaguzi na faini ya kiutawala, na mlango wa mahakama ya jinai ubaki kwa anayewapa pombe watoto.

Endapo yote hayo hayawezi kupita kwa mara moja, liko jambo moja linaloweza kupita peke yake. Maneno yanayokataza ada ya kufungua chupa na malipo ya huduma yafutwe katika 2C:33-27. Mswada wa namna hiyo unaenea katika ukurasa mmoja, hauhitaji mtumishi mpya wala senti ya bajeti, na hauugusi mji wowote uliokwisha kukataa. Mwenye kuuleta katika Seneti na mwenzake wa baraza lingine la Bunge wataje tarehe ya kamati mapema, ili wenye migahawa, ambao jioni zao zote huwa jikoni, wapate kufika Trenton asubuhi kutoa ushahidi.

Kwa heshima,

Mwandishi